Alama ya Baba Mkwe

Sikonge,
4 Machi 2025

Shemeji Sixbert,

Mwangaluka. Huku hatujambo. Kaka yako Xavery anashinda kwenye bani akikausha tumbaku, nguo zake zinanuka moshi mpaka nimemwambia alale na kuni. Baba yenu naye hajambo. Jana kapita hapa kwenye ghala la asali la kikundi na baiskeli yake akielekea msituni kukagua mizinga.

Nakuandikia kwa shida ya kikundi, siyo ya nyumbani. Sanduku la barua pepe la wafugaji nyuki linakaa kwenye seva yako huko Kitete, na mimi ndiye katibu, kwa hiyo wa kulaumiwa ni mimi kwanza. Nimechoka.

Unaujua utaratibu wetu. Kamati ina watu watano: Mzee Bundala mwenyekiti, baba mkwe, mama Siwema, Tobias na mimi. Barua kubwa haijibiwi mpaka wote watano waisome na kukubali. Mzee Bundala anasema msafara wa wapagazi wa zamani haukuondoka kituo cha Kwihara mpaka wa mwisho awe amejitwisha mzigo wake, na kwa neno hilo hakuna anayethubutu kubishana naye. Basi kwenye kompyuta ya ghala kila mmoja ana alama yake yenye jina lake. Akija, anasoma, akikubali anaibandika alama yake kwenye barua. Nikiona alama tano, najibu.

Sasa alama zinapotea. Tobias anabandika Jumatatu, Jumanne asubuhi nikifungua kompyuta hakuna kitu. Mama Siwema anabandika Jumatano, Alhamisi barua iko uchi kama ilivyokuja.

Na siyo barua ya kuchezea. Ofisi ya misitu imetuandikia kwamba eneo letu la zamani la mizinga linafungwa ili miti ipumzike, na tumetengewa jipya, kutoka kijito cha chini mpaka kwenye mwamba mkubwa. Tujibu kabla ya mwisho wa Machi kwamba kamati nzima imekubali. Tusipojibu, linapewa kikundi kingine, nasi msimu huu wa asali hatuna pa kutundika hata mzinga mmoja.

Kila mwanakamati ananiambia, "Mimi nimeshaweka, katibu, uliza kwingine." Jumapili nje ya kanisa nikasikia mtu anasema katibu ana mkono mrefu, anafuta alama za wenzake kwa sababu ana mpango wake. Shemeji, tazama hiyo mashine yako kabla sijatazamwa mimi.

Wako,
Eustadia


Kitete, Tabora,
6 Machi 2025

Shemeji Eustadia,

Salamu nimezipata, na moshi wa kaka nimeusikia mpaka huku.

Nimekagua. Seva haina tatizo. Tena nakwambia kwa kifua mbele: katika mkoa huu hakuna seva inayofuata kiwango kama hii, na umoja mzima wa vikundi vya nyuki unaitumia bila kelele. Kaa nikueleze, maana najua hutaridhika na "haina tatizo".

Mawasiliano ya programu ya barua na seva yana kiwango chake, dunia nzima inakifuata. Kiwango hicho kinataja alama za msingi za kila barua: imesomwa, imejibiwa, ina umuhimu, ya kufutwa, na rasimu. Ipo na ya "imeingia sasa hivi", lakini hiyo seva inaiweka yenyewe, mtu haruhusiwi kuigusa. Hizo zote seva yangu inazijua na inazitunza. Ukisoma barua leo, ukafungua mwakani, bado itasema imesomwa.

Alama zenu za majina ni jambo lingine. Hizo mmezibuni wenyewe. Kiwango kinasema seva inaweza kuzipokea ikipenda. Seva inapofungua sanduku, wajibu wake ni kuitangazia programu: hizi ndizo alama ninazozijua, na katika hizo, hizi ndizo nitakazozitunza daima. Isiyotajwa kwenye tangazo la pili inakaa mpaka programu ifungwe, kisha inakwenda na maji. Seva yangu inatangaza hivyo, wazi kabisa, kila mnapofungua.

Ndiyo maana zamani hamkuona shida. Mlikuwa mnakuja siku moja, mnabandika zote tano, unajibu, unafunga. Sasa watu wako mabanini, kila mtu anakuja siku yake, na jioni unafunga kompyuta.

Mlango wa alama za kubuni niliufunga mimi mwaka jana kwa sababu kikundi kimoja, sikitaji, kilijaza seva alama za ajabu ajabu mpaka ikawa nzito. Kwa hiyo suluhisho ni rahisi: waite wote siku moja, wabandike, ujibu. Mambo kwisha.

Ni mimi, fundi wenu,
Sixbert


Sikonge,
9 Machi 2025

Shemeji fundi,

Debe tupu haliachi kutika, lakini wewe unatika umejaa, hilo nakupa. Nimesoma barua yako mara mbili, nikamsomea na kaka yako. Amesema, "Huyo tangu mdogo ukimtuma maji anakueleza mvua inavyotengenezwa."

Waje wote siku moja? Huu ni mwezi wa tatu, shemeji. Tobias akiliacha bani moto ukazima, tumbaku ya mwaka mzima inageuka majani ya kufungia samaki. Mama Siwema yuko ng'ambo ya mto, na mto umejaa. Mzee Bundala anauguza mkewe. Ungekuwa unaishi huku usingeandika sentensi hiyo.

Halafu nikuulize. Umesema seva yako inatangaza wazi. Inamtangazia nani? Inaiambia programu, na programu inanyamaza. Mtu anabandika alama, anaiona ipo, inang'aa na rangi yake, anapanda baiskeli anakwenda zake akijua kazi yake imekwisha. Hilo ni tangazo lililobandikwa ndani ya stoo, halafu mlango ukafungwa kwa kufuli. Ukimuuliza aliyebandika anasema, "Mbona nilitangaza?"

Mimi sijui viwango. Najua kwamba ukiniletea ndoo ya asali na sina pa kuiweka, nakwambia palepale sina pa kuiweka, nenda nayo. Siipokei kwa tabasamu halafu jioni nikaimwaga. Seva yako ichague: itunze, au ikatae mtu akiwa bado amekaa kwenye kiti. Huku kupokea kwa saa chache ndiko kunakonipa mimi jina la mwizi.

Maana mambo yamekuwa makubwa. Mzee Bundala kaniita jana. Hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Kaniambia, "Mwanangu, kama kuna neno kwenye barua hiyo hulitaki, liseme." Mimi! Barua ile naitaka kuliko wote.

Nakungoja, na kalenda hainingoji.

Eustadia


Kitete, Tabora,
11 Machi 2025

Shemeji,

Umenipiga, na pa kushika sipaoni. Nilikaa na barua yako siku nzima nikitafuta namna ya kukujibu kwamba kiwango kinaniruhusu. Kinaniruhusu, ndiyo. Kinasema seva isipungue hapa, hakikusema isizidi. Na mahali pale pale kinaposema naweza kuzitunza alama kwa muda tu, sikuzuiwa kuzikataa, wala sikuzuiwa kuzitunza. Nilichagua njia iliyo rahisi kwangu, ambayo kwenu ndiyo mbaya kuliko zote.

Kwa hiyo nimebadilisha. Kuanzia leo seva inatunza alama za kubuni kwa vikundi vyote. Ili nisijazwe tena, kila sanduku lina kikomo chake, na mtu akizidisha, seva inakataa hapohapo na programu inamwonyesha kosa kwenye kioo. Nimejaribu kwenye sanduku langu: nimebandika, nimefunga, nimezima umeme, nimewasha, alama ipo. Ningekuwa mtu wa majigambo ningesema hii sasa ndiyo seva bora kuliko zote mkoani. Nasema hivyo.

Mambo mawili uyajue. La kwanza, ile "imesomwa" ni moja kwa sanduku zima. Akisoma Tobias, inaonekana imesomwa kwa wote. Msiitegemee kujua nani kasoma. La pili, seva inatunza alama, haijui mkono ulioibandika. Nyote mnaingia kwa nywila moja. Jina la Tobias likibandikwa na mama Siwema, kwa seva ni sawa tu.

Waambie wabandike upya, kila mtu siku yake. Hazitaondoka.

Sixbert


Sikonge,
17 Machi 2025

Shemeji Sixbert,

Wabeja sana. Zimekaa! Tobias aliweka Jumatano, mpaka leo ipo. Mama Siwema kavushwa mto kwa mtumbwi kwa ajili ya alama tu, kaweka, kacheka, karudi. Mzee Bundala kaweka, akafunga kompyuta mwenyewe, akaifungua, akaona jina lake bado lipo, akanitazama, akaniomba radhi mbele za watu. Nimelia kidogo, sikufichi.

Ziko nne pamoja na yangu. Ya tano haipo.

Ya tano ni ya baba yako.

Alikuja Ijumaa. Akavaa miwani, akasoma barua yote kwa sauti ndogo kama anavyosoma misale, akakaa muda. Mimi nilitoka nje nikapime asali ya mteja, maana sikai nikimtazama mkwe wangu usoni. Niliporudi alikuwa amesimama. Akasema, "Tayari, mama," akaondoka. Nilipofungua, hakuna alama.

Jana kaja tena. Vilevile. "Tayari, mama." Hakuna kitu.

Nilidhani haoni vizuri, lakini mwezi wa kwanza aliweka alama yake kwenye barua ya mafunzo bila kusaidiwa na mtu. Sasa nifanye nini? Wewe unaweza kumuuliza baba yako kwa nini. Mimi ni mkwe. Nitamfuata baba mkwe nimwambie, "Umesema tayari na haiko tayari"? Bora nikatwe ulimi. Na nikimwambia Mzee Bundala aulize, nitakuwa nimemtangaza baba mkwe wangu kwa kamati kwamba kasema uongo.

Watu wameanza tena. Wanasema mashine imepona, basi iliyobaki kuugua ni ya nani? Eneo hilo tukilikosa, familia nyingi hapa hazina asali ya kuuza mwezi wa saba, na jina langu ndilo litakalobaki limening'inia.

Nisaidie.
Eustadia


Kitete, Tabora,
18 Machi 2025

Shemeji,

Usihangaike hata kidogo. Baba ni macho tu na vidole vyake vikubwa. Kile kisanduku cha alama ni kidogo, anabonyeza pembeni, anadhani kimekubali.

Mimi nina funguo za seva. Naweza kuibandika alama ya baba kutoka hapa nilipo, ni suala la amri moja. Kesho ukifungua utakuta tano, unajibu, tumemaliza. Baba ni baba yangu, nia yake naijua. Ameishi kwa nyuki maisha yake yote, atalikataaje eneo la nyuki?

Niambie tu neno.

Sixbert


Sikonge,
18 Machi 2025, mchana

Sixbert,

Usiguse.

Nimeona barua yako kwenye simu sasa hivi, nimeacha wateja wamesimama. Usiguse kabisa. Wiki mbili nimeitwa mtu anayechezea alama za wenzake, na sikuchezea hata moja. Wewe ukibandika ile moja, zote tano zitakuwa za kwako. Mama Siwema alivuka mto kwa nini basi?

Na kama ni macho, mbona hakuniambia nimsaidie? Yule mzee uzi ukimkataa kwenye tundu la sindano, ananiita nimtungie. Kuna neno. Muulize, wewe mwanawe, tena kwa barua ya mkono, siyo kwa simu. Kwenye simu anasema "hewala" kwa kila kitu ili akate.

Eustadia


Kitete, Tabora,
20 Machi 2025

Baba,

Shikamoo. Barua hii anakuletea kondakta wa basi la Sikonge, yule kijana wa jirani yetu Advera.

Mimi mzima. Nimeambiwa umekwenda ghalani mara mbili kusoma barua ya eneo jipya, na alama yako haipo, na watu wanamlaumu shemeji. Mashine nimeikagua, haikosei. Nilitaka kukuwekea mimi mwenyewe, shemeji Eustadia akanikatalia kwa ukali, na nikikaa nikifikiri, yeye ndiye mwenye haki.

Baba, kama hukuiona sehemu ya kubonyeza, nitakuja Jumapili nikuonyeshe. Kama uliiona, nakuomba uniambie kwa nini. Sitakubishia.

Mwanao,
Sixbert


Sikonge,
23 Machi 2025

Mwanangu Sixbert,

Marahaba. Barua imefika, na kijana wa Advera nimempa asali kidogo.

Sehemu ya kubonyeza naiona. Sikubonyeza.

Nilisoma ile barua tangu mwezi uliopita. Nilipokwenda mara ya kwanza sikuweka, nikasema nimeweka kama wenzangu wanavyosema. Siku niliposikia kwamba alama za watu zinapotea kwenye mashine, nilimshukuru Mungu. Nilijua yangu itahesabiwa imepotea pamoja na zao. Kumbe mwanangu mwenyewe ndiye atakayeiponya mashine.

Sababu ni hii. Eneo hilo jipya linaanzia kijito cha chini. Ng'ambo ya kijito hicho ni shamba la kaka yako Xavery. Pale kwenye maji ndipo anapooshea bomba la dawa akimaliza kupulizia tumbaku. Tangu mwaka jana nikipita nakuta nyuki wamekufa ukingoni, wengi, wamelala chali kwenye tope. Mzinga wangu wa karibu na pale umehamwa, na mingine miwili. Nyuki wanakunywa maji, huwezi kuwakataza. Tukihamishia mizinga ya watu wote pale, tunaipeleka kwenye sumu. Watakaobaki hai watatuletea asali ambayo hatuna haki ya kumuuzia mtu.

Sasa nitasimama kwenye kamati niseme nini? Niseme mwanangu Xavery anaua nyuki wa kijiji? Mbele ya mkewe, anayeandika kila neno? Nikikubali, nawaangamiza wenzangu. Nikikataa, lazima nitoe sababu, na sababu ni mtoto wangu. Nikaona bora tarehe ipite. Niliwaza tukose eneo lakini tusikosane. Sikujua kwamba lawama inamwangukia yule binti. Hilo nimelisoma kwako, na limeninyima chakula.

Xavery nilimgusia mara moja, kwa mbali. Akasema kila mtu anaoshea pale. Na kweli, si yeye peke yake.

Mimi siwezi kumwambia mkwe wangu maneno haya. Lakini wewe ni shemeji yake, na shemeji husema lolote. Mwambie. Halafu yeye aamue kama katibu. Atakaloandika likiwa la kweli, alama yangu nitaiweka.

Baba yako,
Nestory


Kitete, Tabora,
24 Machi 2025

Shemeji Eustadia,

Safari hii sina mbwembwe. Baba amenijibu, na ameniruhusu nikwambie.

Alama hakuiweka kwa makusudi. Kijito cha chini, pale eneo jipya linapoanzia, ndipo kaka anapooshea bomba la dawa ya tumbaku. Nyuki wanakunywa pale na wanakufa. Mizinga mitatu ya baba imehamwa. Baba hakusema kwa sababu ni mwanawe, na kwa sababu mke wa mwanawe ndiye katibu.

Nilikuwa na uhakika naijua nia yake. Ningeibandika ile alama siku ile, leo mngekuwa mnabeba mizinga kwenda kuiua, na barua ingekuwa na jina la baba.

Seva yangu inatunza alama, na sasa naona inatunza pia nafasi iliyo wazi. Hiyo nafasi ndiyo iliyokuwa jibu lake.

Sijui la kukushauri. Barua ya ofisi inataka kukubali au kukataa, na siku zimebaki chache. Ukiandika sababu, unamwandika mumeo kwa serikali. Usipoandika, unayajua mwenyewe yatakayofuata. Lolote utakalochagua, mimi niko nyuma yako.

Sixbert


Sikonge,
29 Machi 2025

Shemeji,

Jibu limekwenda. Nikueleze.

Barua yako niliisomea jikoni, nikaizima simu, nikampikia kaka yako ugali na mlenda, nikamngoja amalize kula. Mtu mwenye njaa haambiwi neno la namna hii. Kisha nikamwambia yote. Alikasirika, usidhani hakukasirika. Akasema baba anampenda nyuki kuliko mtoto. Akasema tumbaku ndiyo inayosomesha watoto wetu, na ni kweli. Akasema wakulima wote wa kijito kile wanaoshea pale, kwa nini aandikwe yeye. Nikamwambia, kwa sababu mimi ni mke wako wewe, wengine wana wake zao. Akatoka.

Nikamwacha. Nikaenda ghalani nikaandika rasimu. Nikaandika kwamba kikundi kinalikubali eneo jipya kuanzia kwenye mwamba mkubwa kushuka mpaka kwenye mbuga iliyo kabla ya kijito, lakini hakikubali sehemu ya kijito cha chini, kwa sababu maji yale yanapata dawa za tumbaku kutoka mashamba ya jirani, likiwemo shamba la mume wangu, Xavery Nestory. Tunaomba mpaka urudishwe nyuma. Nikaandika na kwamba wakisema ni kukubali lote au kukosa lote, basi tutakosa.

Shemeji, lile jina nililiandika nikalifuta mara mbili. Lakini ningeandika "shamba la jirani" tu, wangedhani ni la Tobias.

Mzee Bundala, Tobias na mama Siwema wakaja mmoja mmoja, wakasoma rasimu, wakaweka alama zao. Hakuna aliyenisema. Mama Siwema alinishika bega tu.

Jana jioni baba mkwe akaja, na nyuma yake Xavery. Sijui wamezungumza nini njiani, sijauliza. Baba mkwe akasema, "Soma, mama." Nikasoma kwa sauti, macho nimeyaelekeza kwenye kioo. Nilipofika kwenye jina la mume wangu nikasita. Xavery mwenyewe akasema, "Endelea, ndivyo lilivyo." Nikamaliza. Baba mkwe akavaa miwani, akakaa, na kidole chake kile kikubwa kikabonyeza mara moja tu. Safari hii sikutoka nje.

Kisha akanigeukia. Tangu niolewe hajawahi kusema nami zaidi ya salamu, vijikazi vidogo na "tayari, mama". Akasema, "Nilikubebesha mzigo wangu. Unisamehe." Nikapiga magoti.

Nimetuma leo asubuhi.

Eustadia


Kitete, Tabora,
29 Machi 2025, jioni

Shemeji,

Nimeona huku. Alama tano kwenye rasimu, na kwenye barua ya ofisi ile moja ya msingi: imejibiwa. Mimi nina masanduku mengi ninayoyatunza, na neno hilo naliona kila siku bila kulijali. Leo nimeliangalia mpaka chai ikapoa.

Wakikataa, tutapambana. Wakikubali, nakuja msimu wa kurina, mniandalie nguo ya kujikinga, maana nyuki wa baba hawanitambui.

Mwambie kaka nampenda, japo ni mbishi.

Sixbert


Sikonge,
16 Aprili 2025

Shemeji Sixbert,

Ofisi imejibu. Hawakutukatalia, wala hawakutukubalia mezani. Walimtuma bwana misitu na pikipiki, na barua yake ilisema atembezwe kwenye mpaka wote na watu wawili wanaoujua: mfugaji mmoja wa kamati, na mwenye shamba aliyetajwa.

Wamekwenda leo asubuhi, nimewasindikiza mpaka kijitoni. Xavery alimwonyesha yule bwana pale anapooshea bomba, yeye mwenyewe, bila kuulizwa. Akamwonyesha na shimo alilolichimba juu shambani, mbali na maji, ambako ataoshea kuanzia sasa, na akasema amekwisha kuwaita wenzake wa kijito kile waje waone namna ya kulichimba. Bwana misitu akaandika. Akasema mpaka utaanzia mbugani kama tulivyoomba, na mizinga iingie kabla ya miti kuchanua.

Halafu wakaanza kutembea kuelekea mwambani kuchomeka nguzo. Baba mkwe ametangulia na panga lake akifyeka njia, Xavery yuko nyuma yake amebeba nguzo begani, na kwenye nguzo za kwanza nilimsikia akiuliza, "Hapa, baba?" na mzee akijibu, "Sogeza kidogo." Mimi nimerudi ghalani, kuna watu wanangoja asali.

Eustadia